Farasi mchanga wa ranchi: kutoka kamba ya kichwa hadi nyuma ya ng'ombe

Maswali ni yale yale kila ranchi inapopokea farasi wapya. Nianze na tandiko au lijamu (chuma cha mdomoni)? Apandwe akiwa na umri gani? Mbona jana alikuwa mpole na leo kanimwaga? Mwongozo huu ni wa saisi au mchungaji aliyekabidhiwa farasi ambaye hajawahi kupandwa, kwenye ranchi ya ng'ombe kama zile za Laikipia, Kenya, na anatakiwa baada ya miezi miwili hivi awe na mnyama wa kukagulia ua, kufikia mabirika ya mbali na kusogezea kundi. Kama uliyepewa ametoka mashindano ya mbio za farasi ya Ngong, Nairobi, usiruke sehemu yake huko chini. Huyo ameshazoea kupandwa, ila mazoea yake hayafai kwa kazi yako.

Nadharia ni moja tu. Farasi hajifunzi unapombana, hujifunza unapomwachia. Ukivuta kamba akasogea hatua moja, nawe ukaendelea kuvuta, umemfundisha kwamba kusogea hakumsaidii kitu. Ukilegeza papo hapo, ndani ya sekunde moja, kesho atasogea kwa mvuto mdogo zaidi. Hatua zote hapa chini ni jambo hilo hilo: gusa kidogo, ongeza taratibu, acha mara anapojibu. Anayechelewa kuacha ndiye anayeishia kulaumu farasi.

KABLA HUJAANZA

Umri. Usimpande farasi wa chini ya miaka mitatu, na kazi nzito isubiri afike minne. Kama hana rekodi, fungua mdomo. Akiwa na miaka mitatu, meno mawili ya mbele ya katikati, juu na chini, yameshabadilika kuwa makubwa. Akiwa na minne, ni manne juu na manne chini. Akiwa na mitano, yote sita juu na sita chini.

Mdomo na kwato. Mwambie daktari wa mifugo aangalie vijino vidogo vinavyoota mbele ya magego ya juu. Lijamu likivigonga, farasi atarusha kichwa na wewe utadhani ni kiburi. Kwato zikatwe kila wiki sita hadi nane.

Uzito. Mizani ya farasi ni adimu, kwa hiyo tumia futi ya kupimia ya fundi nguo. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, zote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Farasi mwenye mzunguko wa sm 170 na urefu wa sm 150 ana kilo 365 hivi. Mpandaji na tandiko kwa pamoja wasizidi asilimia 20 ya uzito huo, yaani kilo 73. Kwa farasi mchanga bakia chini zaidi. Farasi wadogo wenye damu ya Kisomali ni wavumilivu kweli, ila mgongo ni mgongo.

Afya. Akipumzika, joto lake ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, na mapigo ya moyo ni 28 hadi 44 kwa dakika (shika mshipa chini ya taya). Hakikisha amechanjwa ugonjwa wa farasi wa Afrika, ule unaoletwa na visubi. Punda milia hubeba virusi vyake bila kuugua, kwa hiyo kwenye ranchi zenye wanyamapori ugonjwa hauko mbali. Visubi huuma hasa kuanzia machweo hadi alfajiri: mwingize zizini kabla jua halijazama, hasa baada ya mvua. Baada ya chanjo usimpe kazi nzito mpaka daktari aruhusu. Ranchi za upande wa Pwani kama Galana zina tatizo la ziada, mbung'o, na huko ratiba ya dawa huipanga daktari.

Onyo mbili za ranchi ya ng'ombe, na zisomwe mara mbili. Kwanza, usimnyunyizie farasi dawa ya kupe ya ng'ombe yenye amitraz. Soma lebo. Dawa hiyo husimamisha matumbo ya farasi, na hilo linaweza kumuua. Pili, chakula cha ng'ombe chenye monensin ni sumu kali kwa farasi hata kwa kiasi kidogo. Stoo za chakula zitenganishwe, na ndoo zisichanganywe.

Vifaa:
– Kamba ya kichwa iliyomkaa vizuri, na kamba ya kuongozea ya mita 3.5.
– Kamba mbili ndefu za mita 7.5 kila moja.
– Fimbo nyepesi ya mita 1.2, ya kuonyeshea njia. Si ya kuchapia.
– Blanketi la mgongoni, tandiko na mshipi wa tumboni.
– Lijamu laini lenye kiungo katikati. Farasi wengi wa kimo cha kawaida huvaa sm 12.5, wenye vichwa vidogo sm 11.5 hadi 12.
– Gunia tupu, shuka, mfuko wa nailoni, koti la mvua.
– Brashi, kifaa cha kusafishia kwato, ndoo.
– Uzi wa katani.

Mavazi yako: kofia ngumu ya kupandia, glovu, na buti zenye kisigino cha sm 2.5 hivi. Gambuti hazifai hata kidogo. Soli yake ni pana na mpira wake unanasa kwenye kikuku (pete ya tandiko ya kukanyagia), na mtu aliyenaswa mguu huburutwa. Kikuku kiwe kipana kuliko buti lako kwa sm 2.5.

Mahali: boma la mviringo la kipenyo cha mita 15 hadi 18, ua wa mita 1.8 kwenda juu, bila seng'enge ya miiba, chini kuwe na mchanga au udongo laini. Udongo mweusi wa mfinyanzi ukilowa huteleza na ukikauka hupasuka, kwa hiyo chagua mahali pengine au umwage mchanga.

Muda: dakika 20 hadi 30, mara moja kwa siku, siku tano kwa wiki, asubuhi kabla ya upepo. Muwe wawili. Msaidizi awe mtu anayejua kunyamaza.

HATUA KWA HATUA

1. Mkaribie na mvishe kamba ya kichwa (siku ya 1 na 2).

Farasi haoni kilicho sawasawa mbele ya paji lake wala kilicho sawasawa nyuma ya mkia. Njoo kwa upande, ukilenga bega la kushoto, huku ukisema naye kwa sauti ya chini. Akigeuka kuondoka, usimfuate mbio. Simama, subiri akutazame, kisha rudi nyuma hatua mbili. Wengi hudhani kurudi nyuma ni kushindwa, kumbe ndiyo malipo yake. Ukimfikia, msugue begani kabla ya kugusa uso. Pitisha kamba shingoni kwanza, halafu ndipo umvishe kichwani.

Kumfunga: funga kwa fundo la kuachia kwa mvuto mmoja, kwenye usawa wa mabega yake, na kamba ibaki sm 60 hadi 75. Usifunge moja kwa moja kwenye nguzo. Funga kwenye kitanzi cha uzi wa katani kilichofungwa nguzoni, ili akijivuta kwa hofu uzi ukatike, isiwe shingo. Na kamba usiizungushe mkononi kamwe. Ikunje mikunjo na uishike katikati.

2. Mfundishe kuongozwa na kusogea (siku ya 2 hadi 5).

Tembea sambamba na bega lake, si mbele yake. Ukisimama, asimame. Akikupita, mrudishe nyuma hatua tatu kwa kutikisa kamba, kisha endeleeni. Hapo mfundishe mambo manne, kila upande peke yake:

a) Kugeuza kichwa mpaka karibu na bega kwa mvuto mdogo wa kamba. Vuta, subiri, akilegeza shingo achia.
b) Kusogeza nyuma yake kando, ukimgusa kidole pale kisigino chako kitakapokuwa ukimpanda.
c) Kusogeza mabega kando.
d) Kurudi nyuma hatua tano bila kuinua kichwa.

Usiharakishe (a) na (b). Hizo mbili ndizo breki zako siku atakapotimka. Farasi asiyegeuza shingo kwa mtu aliyesimama chini hatageuza kwa mtu aliye juu, sembuse akiwa na hofu. Na kila jambo la kushoto lirudiwe kulia. Farasi aliyezoea kuona kitu kwa jicho moja hushtuka akikiona kwa jingine, usije ukadhani amesahau.

3. Boma la mviringo (siku ya 4 hadi 7).

Mwachie bila kamba. Simama katikati, nyuma kidogo ya bega lake, inua mkono aende. Mwache aende matiti (kukimbia kidogo kidogo), mizunguko miwili mitatu tu, kisha ingia mbele yake hatua moja ageuke. Unatafuta dalili tatu: sikio la ndani likuelekee, ashushe kichwa, atafune tafune mdomo. Ukiona mbili kati ya hizo, mpe mgongo na usimame kimya. Mara nyingi atakuja mwenyewe.

Kosa kubwa hapa ni kumkimbiza mpaka achoke. Farasi aliyechoka huonekana mpole, kesho akishapumzika utamkuta yule yule wa jana, ila sasa ana pumzi zaidi. Jasho likianza kutiririka, umeshapitiliza.

4. Mzoeze vitu (siku ya 6 hadi 10).

Gunia kwanza. Mwache alinuse, kisha msugue nalo begani, mgongoni, tumboni, miguuni. Akisogea, usiliondoe gunia. Endelea kulisugua kwa mwendo ule ule mpaka miguu yake isimame, ndipo uliondoe. Ukiliondoa akiwa anaruka, umemfundisha kwamba kuruka kunafukuza gunia, na siku moja gunia hilo litakuwa wewe.

Fuatisha shuka, mfuko wa nailoni kwenye ncha ya fimbo, kamba ikimpita katikati ya miguu, na koti la mvua. Koti lichukue siku nzima peke yake. Ajali nyingi za farasi wapya hutokea pale mvua inapoanza ghafla na mpandaji anajaribu kulivaa akiwa juu. Zoeza pia mlio wa mjeledi na mbinja za wachungaji, kwanza kutoka mita 50.

5. Tandiko (siku ya 9 hadi 12).

Piga brashi mgongo wote na mahali pa mshipi. Mbegu moja ya nyasi chini ya mshipi inatosha kumfanya aruke. Weka blanketi mbele zaidi ya mahali pake, kisha livute nyuma ili nywele zilale. Weka tandiko polepole, usilitupe. Likae nyuma ya mfupa wa bega, na ukishampanda vidole viwili vipite kati ya tandiko na mwinuko wa mabega.

Mshipi hufungwa kwa awamu tatu. Kwanza, ushike tu, tandiko lisidondoke. Mtembeze mzunguko mmoja. Pili, kaza tundu moja au mawili, mtembeze tena pande zote mbili. Tatu, kaza mpaka vidole viwili bapa vipite kwa shida kidogo. Ukae upana wa kiganja nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele. Anayekaza kwa mvuto mmoja hutengeneza farasi wa kuuma na kujijaza pumzi kila asubuhi kwa maisha yake yote. Anayeuacha umelegea hupata tandiko likizungukia tumboni, na farasi aliyepatwa na hilo mara moja humchukua mtu wiki kumrudisha.

Mwachie bomani na tandiko. Akirusha mgongo, mwache, hakuna aliye juu yake. Siku ya pili vishushe vikuku vimgonge gonge mbavuni akienda matiti. Usisonge mbele mpaka siku tatu mfululizo zipite bila kurusha.

6. Lijamu (siku ya 11 hadi 14).

Simama kando ya kichwa, ukielekea mbele. Mkono wa kulia ushike mikanda ya kichwani ya lijamu juu ya paji, wa kushoto ulete lijamu mdomoni, dole gumba liingie pembeni mwa mdomo pasipo na meno. Atafungua. Asubuhi ya baridi, na Nanyuki baridi ipo, lipashe kwanza kwa kiganja. Likae likifanya mkunjo mmoja kwenye kona ya mdomo. Likining'inia chini atalipitishia ulimi juu, likikazwa mno litamchubua. Siku mbili za kwanza alitafune tu, dakika 15, kamba ya kuongozea ikiwa bado kwenye kamba ya kichwa. Baadaye rudia zoezi la (a) la hatua ya 2 kwa hatamu (kamba za mkononi zilizofungwa kwenye lijamu).

7. Hatamu ndefu (siku ya 14 hadi 20).

Hatua hii huachwa na wengi, na ndiyo inayookoa mifupa. Funga vikuku viwili kwa uzi chini ya tumbo visipepee. Pitisha kamba ya mita 7.5 kila upande kutoka kwenye lijamu hadi ndani ya kikuku, kisha kwako. Tembea mita 3 nyuma, kando kidogo, nje ya mfiko wa teke. Mfundishe kwenda, kusimama, kugeuka pande zote na kurudi nyuma. Siku ya tatu toka naye bomani: pita mlangoni, kandokando ya ua, kwenye birika, penye pampu inayonguruma, karibu na boma la ng'ombe. Akishtuka, wewe uko ardhini na unaona miguu yake. Utakapofika wakati wa kupanda kilima akiwa nawe mgongoni, njia ataijua tayari.

8. Kupanda mara ya kwanza (kati ya siku ya 20 na 24).

Chagua siku isiyo na upepo, baada ya nusu saa ya kazi ya chini. Msaidizi ashike kamba ya kuongozea bila kuikaza, asimame upande ule ule ulipo wewe, ili farasi akiruka aende upande usio na mtu.

Panda kwenye kigogo cha kupandia uwe juu yake tu, asione kituko. Shuka. Rudia mara tano. Kisha lala kifudifudi juu ya tandiko, umpigepige upande wa pili, shuka. Fanya hivyo pande zote mbili. Halafu atembee hatua tatu ukiwa umelala vivyo hivyo. Akikubali, weka mguu kwenye kikuku, geuza kichwa chake kidogo upande wako kwa hatamu ya kushoto, vusha mguu wa kulia bila kumgusa kiunoni, kaa polepole. Usiangukie tandiko kama gunia la mahindi.

Ukishakaa, usimwambie aende. Mgeuze kichwa kushoto, achia. Kulia, achia. Shuka. Dakika tano, basi. Siku inayofuata mwombe atembee, msaidizi akiongoza. Siku ya tatu msaidizi anaachia kamba ila anabaki bomani.

9. Wiki ya nne hadi ya sita.

Kila safari ianze na kusimamisha kwa hatamu moja: telezesha mkono ufupishe hatamu ya upande mmoja, ilete pajani, shikilia mpaka miguu isimame na shingo ilegee, achia. Fanya ukiwa kwenye mwendo wa telki (kutembea), kisha matiti. Usifanye akiwa shoti, utamwangusha pamoja nawe. Akiwa kwenye mbio mwingize kwenye duara kubwa na ulipunguze kidogo kidogo.

Toka ranchini pamoja na farasi mzee mtulivu. Siku tatu za kwanza mwenzako atangulie, kisha mwende sambamba, kisha wewe utangulie. Saa moja inatosha. Kwenye nyasi ndefu kaa kwenye telki, kwa maana mashimo ya ngiri na muhanga huvunja mguu wa farasi kirahisi.

Kuhusu wanyamapori: harufu ya farasi hufunika yako, ndiyo maana twiga na punda milia hukuacha usogee. Hilo lisikufanye usahau tembo, nyati na simba. Ukiwaona, geuza mapema ungali mbali, uondoke kwa kutembea, na farasi mchanga usimpeleke kichakani anakoshindwa kuona. Masikio yake yakielekea kichaka na mwili ukakakamaa, mwamini.

10. Ng'ombe (kuanzia wiki ya saba).

Anza na kundi dogo, ng'ombe 10 hadi 15 wakubwa watulivu. Wenye ndama wadogo waache kabisa, mama Boran (aina ya ng'ombe) akilinda mtoto humfukuza hata farasi aliyekomaa. Wajulishe wachungaji wa miguu mnakotaka kwenda, wasipige mbinja nyuma yako.

Wafuate ng'ombe tu kwa telki, mita 20 nyuma. Farasi aliyeogopa ng'ombe hupata ujasiri akiona wanamkimbia yeye. Kisha anza kuwaelekeza. Kila ng'ombe ana mpaka wake: ukiuvuka anaondoka, ukirudi nje ya mpaka huo anasimama. Bega lake ndilo mlango. Ukiwa nyuma ya bega anakwenda mbele, ukipita mbele ya bega anasita au anageuka. Kusukuma kundi, nenda kushoto na kulia nyuma yao kama mtu afagiaye uwanja, usiwabane katikati. Wakianza kukimbia, simama. Ng'ombe anayekimbia anapoteza kilo ulizolipia nyasi.

BAADA YA KILA KAZI

Dakika kumi za mwisho ni za kutembea, mshipi ukiwa umelegezwa tundu moja. Vua tandiko, mwoshe jasho, acha akauke kivulini. Safisha kwato kutoka kisigino kwenda ncha na utafute miiba, hasa ya mgunga. Kupe wakague masikioni, chini ya taya, katikati ya mapaja na chini ya mkia. Maji ni lita 25 hadi 45 kwa siku, zaidi kwenye joto. Nyasi kavu ni asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake: yule wa kilo 365 anahitaji kilo 5.5 hadi 7.3, kama malisho hayatoshi. Jiwe la chumvi liwepo wakati wote. Nafaka mpe kulingana na kazi. Farasi mchanga anayelishwa kama wa mashindano na kufanyishwa kazi dakika 30 atakuonyesha hizo nafaka zilikwenda wapi.

ALIYETOKA MASHINDANO

Mazoea yake ni mawili ya kuvunja. Alizoezwa kuegemea lijamu, kwa hiyo ukivuta hatamu mbili kwa nguvu anasikia "ongeza mbio". Na alizoea kupandwa akiwa anatembea, jokii akirushwa juu na msaidizi, hivyo hajui kusimama mtu akitia mguu kwenye kikuku. Mpe mwezi mmoja malishoni kwanza na umpunguzie nafaka taratibu. Kisha rudi hatua ya 2 kana kwamba hajui lolote, ukikazania kichwa kugeuka na kusimama. Ngozi yake ni nyembamba, kwa hiyo mshipi na blanketi vikaguliwe kila siku.

MATATIZO NA DAWA YAKE

Anajivuta nyuma akifungwa. Usimfunge kwa sasa. Zungusha kamba ndefu mara moja kwenye mti ulio laini, shika ncha, umlegezee kidogo akivuta, na akitulia uvute taratibu kamba iliyozidi bila kumbana. Rudi pia kwenye mvuto wa kichwa, hatua ya 2.

Anarusha mgongo. Kagua mambo kwa mpangilio huu: tandiko linabana, mshipi umechubua, mgongo unauma, kisha ndipo ufikirie utundu. Bonyeza kwa vidole pande zote mbili za uti wa mgongo. Akizama chini ya vidole, usipande. Kama hana maumivu, geuza kichwa kwa hatamu moja na umwendeshe mbele baada ya hapo. Farasi anayesonga mbele hurusha kwa shida.

Anasimama wima kwa miguu ya nyuma. Hili ni hatari kuliko yote. Legeza hatamu mara moja, inama mbele, usivute. Akishuka, mwendeshe mbele kwa duara. Likitokea mara mbili, shuka, mpeleke kwa daktari aangalie mdomo na mgongo, kisha umkabidhi saisi mwenye uzoefu. Hapa hakuna aibu.

Kidonda chini ya tandiko. Usipande mpaka ngozi ipone kabisa. Nywele nyeupe zitakazoota baadaye zitamwambia kila mtu tandiko lile lilikuwa baya. Badilisha tandiko, kuongeza mablanketi juu ya mablanketi huzidisha kubana.

Anagoma kuvuka maji au tope. Shuka? Hapana, kama kuna farasi mzee mbele yako. Mwache mzee avuke na kurudi, kisha mfuate karibu. Mruhusu wako anuse maji kwa muda atakao, ila asigeuke. Kosa ni kumchapa akiwa ukingoni, kwani ataruka mto mzima na wewe utaachwa upande huu.

Anakimbilia nyumbani. Usirudi kwa njia uliyokwenda nayo. Ukifika zizini mfanyishe kazi dakika kumi za miduara, kisha mpeleke mita 200 nje ndipo umvue tandiko na umpumzishe huko. Baada ya wiki moja zizi halitamvuta tena vile.

Anakataa kuachana na wenzake. Achana nao kwa mita 20, rudi. Kisha 50, rudi. Ongeza umbali kabla hajaanza kulia, na si baada ya kuanza.

Amelegea ghafla, hali, au anahema kwa nguvu. Hilo si la mafunzo. Pima joto. Likizidi nyuzi 38.5, mwache apumzike na umpigie daktari. Uvimbe juu ya macho na povu puani ni dalili za ugonjwa wa farasi wa Afrika, nao huua haraka. Fizi za rangi ya njano au zilizopauka huashiria homa ya kupe. Akijigaragaza na kutazama ubavu wake ni tumbo: ondoa chakula, mtembeze polepole kama anakubali, mpigie daktari, na usimpe dawa yoyote iliyobaki kwenye kabati la ng'ombe.